Mshale Ukikaa Katikati

Jamani, mkono wa Baba nusura uive leo! Nusura kabisa! Ngojeni nivute pumzi niwaambie.

Baba ni fundi cherehani. Mwezi huu kanunua kigari cha zamani, awapelekee wateja sare zao. Basi kila safari lazima tusimame njiani. Anafungua boneti, tunangoja injini ipoe, anaongeza maji, tunaendelea. Sisi tukajua ndivyo magari yalivyo.

Leo asubuhi tulikuwa tunampeleka Dada kwenye usaili wa kazi ya uuguzi. Saa tatu kamili mlango unafungwa. Saa mbili na nusu, Baba akatupia jicho dashibodi.

"Haya, maji yamefika nusu," akasema, akaegesha.

"Baba, hata leo?" Dada machozi yakamlenga. "Nitafungiwa nje!"

"Heri uchelewe kuliko tuunguze injini, mwanangu. Leteni dumu."

Na mimi, na cheti changu cha chuo, nikaleta dumu mbio! Leo hapakuwa na muda wa kungoja ipoe; Baba akajizungushia kitambaa mkononi, akashika mfuniko wa rejeta, pale anapotia maji.

"Toa mkono hapo!"

Alikuwa Mama Spana, makanika wa pale kona, anakuja mbio na grisi hadi viwikoni.

"Shikamoo, kaka. Unataka kuungua?"

"Marahaba. Maji yamebaki nusu, si unaona mshale uko katikati?"

Mama Spana akachungulia dashibodi, akacheka mpaka akashika mlango.

"Kaka, huu si mshale wa maji. Ni wa joto! Hii C ni baridi, hii H ni moto. Ukiwasha gari, mshale uko chini. Injini ikipata joto, unapanda, unatulia karibu na katikati. Hapo ndipo pake."

"Mbona ule wa mafuta ukiwa katikati, tangi limebaki nusu?"

"Kila mshale na kazi yake. Kanda hiyo ya kupimia shingoni mwako ikisema kiuno cha mteja ni inchi thelathini na mbili, unamwongezea maji?"

Dada akacheka na machozi yake.

"Na mshale ukipanda sana?" nikauliza.

"Ukikaribia H, egesha mahali salama, zima injini. Mfuniko huu usiuguse! Maji ya moto yamebanwa humo, yatakurukia usoni. Subiri injini ipoe kabisa, ndipo uangalie maji. Yakipungua kila mara, njoo kwangu."

"Na hivi vitaa?" Baba akauliza, sasa mpole kama mwanafunzi.

"Ukigeuza ufunguo vinawaka. Injini ikiwaka, vinazimika. Chenye picha ya kopo la oili kikibaki chekundu, au kikiwaka njiani, egesha uzime palepale."

"Mama Spana, nakupenda," Dada akasema, "lakini saa!"

Tukaondoka. Njia nzima Baba anauliza, "Uko wapi?" Na sisi kwa pamoja, "Katikati!" Hakusimama hata mara moja. Tulipofika, mlinzi alikuwa keshashika komeo. Dada akachomoka, akapita ubavuni mwake, mlango ukafungwa nyuma yake. Baba akaegemea usukani, akashusha pumzi ndefu.

Saa mbili baadaye Dada akatoka. Nyie, ule uso! Baba alipiga honi mpaka mlinzi akamkemea. Lakini alichoambiwa humo ndani kaniapisha nisikiseme mpaka Mama akisikie kwanza, na Mama anarudi leo jioni. Kesho asubuhi njooni mapema, maana sitaweza kukaa nacho hadi mchana.