Jaribio Lililofaulu Upesi Mno

Kila siku baada ya masomo, Odeta aliteremka njia ya mawe kutoka shuleni hadi mtaa wa Kirumba, kwenye karakana ya shangazi yake. Mlangoni alivua viatu na kupangusa miguu, kisha akafagia wadudu wa ziwani waliokufa chini ya dirisha. Wadudu hao hutoka ziwani wingu zima, na siku wakiamua kuja, hata chai hunywi kwa amani. Shangazi Ng'washi hakutaka hata mmoja akaribie meza yake ya kazi.

Shangazi alikuwa fundi wa elektroniki. Alifanya kazi katika kiwanda cha umma mpaka kiwanda kilipopunguza wafanyakazi. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na maduka ya Mwanza yalijaa redio, saa na mitumba kutoka nchi ambazo Odeta hakuzijua hata kwa jina. Wenzake wengi wa kiwandani walifungua vibanda. Yeye alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaanza kutengeneza vifaa ambavyo mtaa mzima haukuvielewa. Majirani walidhani ni fundi wa televisheni, wakawa wanamletea zao mbovu.

Odeta naye hakuelewa mwanzoni. Kisha siku moja shangazi alimwekea kiganjani kitu cheusi, chembamba, chenye miguu midogo ya chuma kila upande.

"Hii inaitwa chipu," alisema. "Ndani yake tunaandika maagizo, nayo inayafuata usiku na mchana bila kuchoka."

"Maagizo yako wapi? Mbona siyaoni?"

"Huwezi kuyaona. Ndiyo sababu ni lazima tuyajaribu."

Odeta aliigeuza chipu huku na huku. Ilikuwa nyepesi kuliko punje ya hindi. Aliogopa hata kuipumulia.

Mwezi huo shangazi alikuwa akitengeneza kifaa cha kulinda friji ya chanjo katika zahanati moja kisiwani Ukerewe. Chanjo zikipata joto huharibika, na ukizitazama kwa macho huoni tofauti yoyote. Kifaa kilipaswa kupima joto la friji. Joto likizidi, kengele ilie na taa nyekundu iwake. Hata friji ikipoa tena, taa ibaki imewaka mpaka nesi aje abonyeze kitufe, ili ajue kwamba chanjo zile hazifai.

Jambo lililomwacha Odeta mdomo wazi ni namna shangazi alivyofanya kazi. Karakanani hapakuwa na friji. Kompyuta ndiyo iliyojifanya friji! Iliunganishwa na kifaa kwa nyaya, nayo ikawa inakidanganya: sasa kuna baridi, sasa joto linapanda, sasa limezidi. Betri za kifaa zikiwa zimetolewa, iliweza hata kukikatia umeme kwa swichi ndogo iliyolia "tak!" Halafu ilitazama kifaa kimefanya nini, na kwenye kioo yakatokea maandishi: IMEFAULU au IMEFELI.

Jambo la pili lilikuwa la ajabu zaidi. Shangazi aliandika jaribio kwanza, yaani hatua ambazo kompyuta ingezifuata kukipima kifaa, kabla ya kuandika maagizo ya chipu. Aliliendesha, akatazama likifeli, akatabasamu. Hapo ndipo alipoanza kuandika maagizo, mpaka jaribio lifaulu.

"Shangazi, mbona unafurahi likifeli?" Odeta aliuliza.

"Mwalimu wenu akitoa mtihani wa somo ambalo hajawafundisha, na darasa zima likapata alama zote, utasemaje?"

Odeta alicheka. "Nitasema mtihani wenyewe una kasoro."

"Basi na mimi nautazama mtihani wangu kwanza. Chipu haijafundishwa, kwa hiyo ni lazima ifeli. Isipofeli, najua kuna kitu hakiko sawa."

Ijumaa, wakiwa wanakunywa chai, Odeta aliuliza swali lililomfanya shangazi aweke kikombe chini.

"Saa yetu ya nyumbani, umeme ukikatika na kurudi, inasahau saa. Na kifaa hiki je? Umeme ukikatika muda mrefu, chanjo zikapata joto, kisha betri zake zikaisha, halafu umeme ukarudi na friji ikapoa. Kitakumbuka?"

Shangazi alikigeukia kifaa. "Hakitakumbuka. Kitangoja betri zijae ndipo kiamke, kikute baridi, kiseme mambo ni shwari." Alimtazama Odeta kana kwamba anamwona mara ya kwanza. "Mwanangu, hilo sikuliwaza hata kidogo. Jaribio hilo utaliandika wewe."

Moyo wa Odeta ulijaa furaha. Shangazi alimwelekeza hatua zote: pandisha joto, kata umeme, poza friji, rudisha umeme, kisha uliza kama taa nyekundu inawaka. "Liandike, liendeshe, ulione likifeli. Mimi nakimbia mjini kununua skrubu. Kifaa kinaondoka kesho na meli ya asubuhi."

Odeta alikuwa akibonyeza herufi moja moja aliposikia sauti dirishani. Alikuwa Kashindye, rafiki yake na nahodha wa timu ya netiboli.

"We Odeta! Mechi inaanza, nasi hatuna mfungaji!"

"Nakuja, nimalizie hii kazi."

"Utamaliza lini? Timu ya Buswelu imeshafika uwanjani!"

Odeta aliharakisha. Aliandika kupandisha joto, akaandika kupoza friji, akaandika swali la taa. Akaliendesha. Karakana ilikuwa kimya. Kioo kikaandika: IMEFAULU.

Alishtuka. Lilipaswa kufeli. Alijua kabisa lilipaswa kufeli. Lakini Kashindye alikuwa akigonga dirisha, na shangazi alikuwa anaingia na mfuko wa skrubu mkononi.

"Umeliona likifeli?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi. Limefeli," alisema Odeta, akatoka mbio.

Timu yake ilishinda, na yeye ndiye aliyefunga zaidi. Aliporudi, shangazi alikuwa amekwisha kuandika maagizo mapya ili chipu ihifadhi habari ya joto mahali pasipofutika umeme ukikatika. Jaribio lilikuwa limefaulu, na kifaa kilikuwa sandukuni. Odeta alikula ugali wake bila kusikia ladha yoyote.

Asubuhi walikwenda bandarini. Nesi Akelo kutoka zahanati alikuwa amekwisha kufika, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha bluu.

"Shikamoo, nesi," Odeta alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayemsaidia shangazi? Hongera sana." Alilipokea sanduku kwa mikono miwili na kulikumbatia. "Hamjui mnanitua mzigo gani. Mwaka jana umeme ulikatika nikiwa safarini. Nilirudi nikakuta friji ina baridi, nikawachanja watoto. Kumbe dawa ilikwisha kufa. Surua ilipokuja, mama zao wakaniuliza, 'Nesi, si uliwachanja?' Maige, mtoto wa jirani yangu, hadi leo jicho moja halioni sawasawa. Nikikutana na mama yake njiani, natazama chini."

Odeta alilikodolea macho sanduku. Meli ikapiga honi. Watu wakaanza kusukumana na magunia yao ya dagaa na matenga ya kuku, na Nesi Akelo akainua mguu kupanda.

"Nesi, usiende nacho!" Odeta alipaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Shangazi, nilikudanganya. Jaribio langu halikufeli. Lilifaulu mara ya kwanza kabisa, na mimi nikasema limefeli ili niende kwenye mechi."

Uso wa Shangazi Ng'washi ulibadilika, na kwa muda Odeta alitamani ardhi immeze. Kisha shangazi alinyoosha mikono, akalichukua sanduku.

"Samahani, nesi. Kifaa hiki hakiondoki. Kuna meli nyingine mchana, tafadhali twende karakanani."

Nesi Akelo aliitazama meli, akamtazama mtoto anayelia. "Twendeni," alisema. "Nimechoka kubeba vitu nisivyovijua."

Karakanani shangazi alifungua jaribio la Odeta na kulisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Umepandisha joto, umepoza friji. Umeme umeukata wapi?"

Odeta alitazama. Mistari ile miwili haikuwepo. Aliiruka kwa haraka yake. Jaribio lake halikuwahi kukata umeme hata mara moja, kwa hiyo chipu haikuwa na jambo la kusahau.

"Iandike sasa," alisema shangazi. Sauti yake haikuwa kali.

Odeta aliandika, akaliendesha jaribio upya. Tak! Umeme ukakatika, kifaa kikazimika chote. Tak! Ukarudi. Wote watatu waliinama juu ya meza. Taa nyekundu haikuwaka. Kioo kikaandika: IMEFELI.

"Hata kwa maagizo yako mapya, shangazi?" Odeta alinong'ona.

Shangazi alishika kichwa. Alisoma maagizo yake kwa muda mrefu, mara akapiga meza kofi. "Ee Mungu wangu! Chipu inahifadhi vizuri kabisa. Lakini inapoamka, kitu cha kwanza nilichoiagiza ni kufuta kila kitu ianze upya. Kosa hili ni langu." Alimgeukia nesi. "Kingefika kwako hivi, kingekuambia uongo uleule ulioambiwa na friji yako."

Nesi Akelo alikaa kwenye kigoda, mkono kifuani.

Shangazi alibadilisha maagizo na kuyaingiza tena ndani ya chipu. Jaribio likaanza. Tak! Giza. Tak! Taa nyekundu ikawaka palepale, kali, peke yake katikati ya meza. IMEFAULU. Odeta aliitazama bila kupepesa. Kitu kidogo kuliko kidole chake kilikuwa kimezimika kabisa, kikaamka, kikakumbuka yaliyokipata. Alisisimka mwili mzima.

"Naweza kujaribu mimi?" nesi aliuliza. Hakutaka kompyuta. Alishika waya wa umeme kwa mkono wake mwenyewe, akauchomoa, akangoja, akauchomeka. Taa ikawaka. Alirudia tena na tena, na kila mara taa ilimjibu vilevile. Mwishowe alicheka huku akifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Odeta alipiga magoti mbele ya shangazi yake. "Nisamehe, shangazi. Sitarudia."

"Nimekusamehe, inuka." Shangazi alimvuta karibu. "Sikiliza, Odeta. Jana ulipokosea kuandika, hukunidhuru. Mimi pia nilikosea, na nimesoma chuo. Kukosea ndiko kunakofanya tuwe na majaribio. Lakini uliposema umeona kitu ambacho hukukiona, ulinifumba macho, na mimi ningemfumba macho nesi, naye angewachanja watoto akiamini chanjo ni salama. Neno lako moja lingevuka ziwa. Siku zote sema ulichokiona, hata kama kinakuchelewesha, hata kama kinakutia aibu. Kosa likisemwa tunalirekebisha mezani hapa. Likifichwa, litamwangukia mtoto ambaye hata jina lake hatulijui."

"Jina lake Maige," alisema Odeta polepole.

Shangazi na nesi walitazamana. Kisha Nesi Akelo akanyanyuka, akamkabidhi Odeta sanduku. "Basi lifunge wewe mwenyewe," alisema. "Ukiniambia liko tayari, nitaamini."

Odeta hakulifunga hapohapo. Aliunganisha nyaya tena, akaliendesha jaribio mara ya mwisho mbele yao, akangoja mpaka taa ilipowaka. Ndipo akafunga kifuniko.

"Sasa liko tayari, nesi," alisema.