Alama Tatu za Mionzi

"Namba Saba, gari jeupe limeingia gereji nyuma ya stesheni. Zimebaki dakika ishirini."

"Naliona," Saba akajibu kwenye simu ya upepo, huku akichomoa bastola yake ya Beretta.

Ndani ya gari hilo mlikuwa na sanduku la madini ya mionzi yaliyoibwa. Saa sita kamili lilikuwa liachwe wazi katikati ya abiria.

Saba aliruka ukuta. Mlinzi wa wahaini walioyaiba akageuka na bunduki.

Risasi moja ilitosha.

Dereva akashuka, mikono juu. Alikuwa mdogo wake Saba, kitinda mimba wa mama yao. Nyumbani wote waliamini anaendesha malori ng'ambo.

"Usipige, kaka. Ni mimi."

Saba akaishusha bastola, akaliona sanduku garini likiwa wazi. "Mfuniko wa sanduku uko wapi?"

"Niliutupa jana. Ulikuwa mzito, unavunja mgongo. Lakini sikukurupuka, niliangalia kipimo kwanza. Mshale ulitoka mbili ukafika tano. Alama tatu tu."

"Kipimo hicho kinakwenda kwa logarithi. Kila alama ni mara kumi ya iliyotangulia."

"Kwa hiyo mara thelathini?"

"Mara elfu."

Dereva akafuta mdomo. Alikuwa anatapika tangu alfajiri, na shati lake lilinuka.

"Logarithi," akasema. "Si ndizo ulizokuwa unanifanyia wewe?"

Ni kweli. Muhula mzima Saba alimwandikia mazoezi ili asichapwe, na akajiona kaka mwema. Sasa alijichukia.

Akapiga hatua kuelekea garini.

"Kaa hukohuko, kaka. Mimi nimeshakwisha. Shika kipimo, unisomee."

Akamrushia. Kisha akalitumbukiza sanduku kwenye shimo la mafundi na kuanza kulifukia kwa betri kuukuu za magari, zenye madini ya risasi yanayokinga mionzi, moja moja, akihema. Saba alisoma kwa sauti kutoka getini. Tano. Nne. Alipofika tatu, akakisogeza kipimo karibu na macho.

"Imeshuka?"

"Imeshuka. Ongeza."

Simu ya upepo ikakoroma. "Namba Saba, hali?"

"Stesheni iko salama. Leteni wataalamu wa mionzi na daktari."

"Dereva yu hai?"

Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya tairi, akimpungia mkono aende zake.

"Kwa wiki mbili hivi," Saba akasema. Akarudisha bastola kiunoni, akashika njia ya kwa mama yao, bila haraka.