Plastiki ya Kiti cha Nyuma

Saa kumi, jua likianza kulegea juu ya Kadutu, Zagabe alishuka njia ya miguu kwenda kuchukua gari yake garaji. Mara ya sita hiyo, kwa miezi miwili.

Na gari yenyewe mpya. Siyo ile mpya ya kusema tu, ambayo mzungu amekwisha kuichoka. Mpya ya kweli: ilipanda kutoka Dar na plastiki juu ya viti vyote, ikinuka duka. Ile plastiki Zagabe hakuitoa. Bukavu nani anaitoa? Ukiitoa, majirani watajuaje kwamba ulinunua mpya?

Vita ya pili ilikuwa na mwaka wa nne. Waliosoma walikuwa wanauza unga wa mihogo, na wasiosoma ndio waliokuwa wanawauliza vitambulisho barabarani, bunduki begani. Zagabe alikuwa licencié en droit, mtu wa shahada ya sheria. Distinction, mihuri mitatu, sahihi ya recteur, mkuu wa chuo. Tangu aipate, diplôme hiyo ilimfanyia kazi moja tu. Tutaifikia.

Ignace, mécano wa garaji, alikuwa anamngoja, mikono kifuani. Hakumsalimia.

“Papa Zagabe, hii gari unaipitishaka wapi?”

“Inafanya taxi. Nyawera, Essence, Panzi. Ku goudron tu, njia ya lami.”

“Ku goudron.” Ignace alichomoa filtre à air, chujio la hewa ya injini, akaigeuza juu ya gazeti. “Basi angalia goudron yako.”

Udongo. Siyo vumbi. Udongo mwekundu wenye unyevu, bonge kama ngumi ya mtu, na ndani yake kipande cha mzizi wa viazi vitamu, kibichi, kinatoa utomvu mweupe.

“Lundi ninaisafisha, kesho yake, mardi, imejaa. Ninafunga na kitambaa, imejaa. Miaka makumi mbili mu hii kazi, papa. Gari inakulaka mafuta, inakulaka mipira ya pneu. Hii yako inakula shamba.”

“Safisha, niibebe.”

“Nimeshasafisha. Padiri naye alisafisha, na mayi ya baraka, ikatembea siku mbili, ikazimia mbele ya kanisa yake.” Ignace akashusha sauti. “Iko mama moja kule Miti. Marie-Louise. Alikuwaka accoucheuse, muzalishaji. Umupelekee.”

“Mimi, mutu wa université, niende kwa mufumu, kwa muganga?”

“Université yako ilitengeneza gari?”

Zagabe alichukua ufunguo. Kuna maneno ambayo huwezi kuyajibu ukiwa na miaka mitano ya droit mfukoni na hakuna kitu kingine humo.

Wala hakumwambia Ignace yale mengine mawili. Kwamba kila moteur ya gari ilipozima, mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ulifunguka wenyewe, taratibu, kama unafunguliwa na mtu mwenye adabu. Na kwamba kabla ya kuzima, nyuma yake, kwenye kiti kitupu, alikuwa anasikia plastiki.

Kwaru...

Kama mtu anajiweka vizuri.

*

Couvre-feu, amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa saa mbili. Alipiga hesabu: kwenda, kurudi, itatosha. Akashika barabara ya Miti.

Marie-Louise hakuwa na ngozi ya mnyama ukutani wala kibuyu. Alikuwa na nyumba ya bati, rozari shingoni, na sahani ya maharagwe anayoyachambua. Alinawa mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani, akatoka na ile pembe ya mbao ambayo accoucheuse anasikilizia tumbo la mama mwenye mimba.

Aliiweka juu ya capot, mbele ya gari. Akatega sikio.

“Moteur iko muzima.”

Akazunguka. Akaiweka kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Zagabe hakuwa amemwambia upande.

Alikaa hapo muda mrefu. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na kuku walikuwa wameshaingia ndani mapema kuliko desturi.

“Mu nyumba yenu,” alisema bila kuinuka, “nani alikufaka, hamukumulilia?”

“Hakuna.”

“Fikiri kwanza.”

“Maman, nimesema hakuna.”

Marie-Louise alipangusa pembe yake na kitenge. “Nilizalishaka banamuke bengi. Mwanaume mwenye kukana mimba, ndio vile anajibukaka. Mbio vile.”

“Sikuja kwa ajili ya mimba. Nilikuja kutafuta dawa ya gari.”

“Dawa haiko kwangu. Gari haigonjwe, papa. Imebeba mutu. Umupeleke kwa mama yake, mwenye kulia alie, bimeisha.” Alikuwa tayari amerudi kwenye maharagwe. “Na mu njia, kama anakuuliza kitu, umujibu. Huyu amechoka kunyamaziwa.”

*

Basi tuifikie ile kazi ya diplôme.

Zagabe alikuwa na mdogo wake, Mugisho. Baba alipofariki, pesa ya shule ilitosha mtoto mmoja, na Mugisho ndiye aliyesema: “Yaya, mukubwa wangu, wewe soma. Mimi nitalima.” Alilima shamba lao kule Walungu miaka tisa. Viazi vitamu vyake vililipa minerval, ada ya université, syllabus kwa syllabus. Alikuwa anatania: “Siku utanunua gari, mimi nitakaa nyuma, kama patron. Wewe utanitembeza.”

Mwaka wa kwanza wa vita, watu wenye silaha walipita kule mlimani. Wa upande gani? Risasi haikujitambulisha. Zagabe alimkuta mdogo wake baada ya siku mbili, katikati ya viazi, chini karibu na mtaro. Alimfunga ndani ya bâche ya bluu, turubai ya plastiki waliyopewa na watu wa msaada, akachimba na jembe la Mugisho mwenyewe, kabla jua halijatoka, peke yake. Halafu akarudi Bukavu kumwambia mama.

Hakumwambia. Kesho, alijisemea. Kesho ikawa mwezi.

Ndipo akaja mtu mmoja, Mushagalusa, anatafuta shamba la kununua. Na pale kwao kuna neno moja ambalo hata mtoto analijua: shamba lenye kaburi haliuzwi. Nani atauza mtu wake na viazi pamoja? Tena mama yake, Domitille, asingeweka kidole chake cha wino kwenye karatasi bila watoto wote wawili kukubali.

Zagabe akamwambia mama kwamba Mugisho yuko mzima. Alivuka, yuko Lusaka, anafanya kazi, na ametuma neno: uzeni.

Mama alicheka kwa furaha mpaka machozi. Akaweka kidole.

Contrat aliiandika Zagabe mwenyewe, kwa Kifaransa safi. Article trois, kifungu cha tatu: shamba liko libre de toute occupation. Yaani hakuna mtu ndani.

Hiyo ndiyo kazi ambayo diplôme ilifanya. Na gari ndiyo mshahara wake, Mushagalusa alipomaliza kulipa deni, mwaka huu.

*

Ukungu ulikuwa umefunga barabara. Taa za gari zilikuwa zinaona hatua kumi, basi. Kushoto, ziwa lilikuwa linapumua bila kuonekana. Zagabe alifunga vioo.

Harufu ya duka ilikuwa imekwisha ndani ya gari.

Ilikuwa harufu ya udongo baada ya mvua. Na majani ya viazi, yaliyopondwa chini ya mguu.

Kwaru...

Hakugeuka.

Kwaru... kwaru...

Mtu mwenye kutafuta nafasi ya magoti.

Barrière ya mwisho kabla ya mji: kamba, mawe mawili, askari mmoja mwenye koti la mvua kubwa kuliko mwili wake. Alimulika torche usoni mwa Zagabe, halafu nyuma. Torche ikabaki nyuma.

“Mupo bawili,” askari alisema.

Zagabe alitazama kamba mbele.

“Moninga na yo alali?” aliuliza kwa Lingala, akarudi kwenye Kiswahili, polepole, kama anaongea na mjinga. “Mwenzako, analala? Ama analewa? Juu ya nini amejifunika uso?”

Miaka mitatu Zagabe alikuwa amejizoeza kusema yuko Lusaka. Neno hilo lilikuja lenyewe hadi kwenye meno, likasimama pale.

“Ni mudogo wangu, chef,” alisema. “Amechoka.”

“Mupeleke akalale vizuri.” Askari akashusha kamba. Hakuomba hata sigara, na hicho ndicho kilichomtisha Zagabe kupita vyote.

Nyuma, plastiki ilinyamaza. Mpaka Kadutu haikulia tena. Lakini rétroviseur, kioo kidogo cha kutazama nyuma, ilikuwa imefanya ukungu kwa ndani, pale tu, kama kioo ambacho mtu anakipumulia.

*

Gari ilizima yenyewe chini ya nyumba yao, pale barabara inapoishia na ngazi za udongo zinapoanza. Domitille alikuwa amesimama hapo, shali kichwani. Kila jioni alikuwa anashuka. Juu, mezani, sahani ya bugali ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine. Ya Mugisho. Kila jioni alikuwa anasema labda leo.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Taratibu. Kwa adabu.

Mama alitazama ndani. Hapakuwa na mtu. Lakini plastiki ya kiti ilikuwa imebonyea, na mbele ya macho yao ilianza kujikunjua, kidogo kidogo, kama inavyofanya mtu anapoinuka.

Kwaru.

Pale palipobonyea palikuwa na udongo. Domitille alichota kwa vidole, akanusa. Akaweka kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa amelima miaka arobaini mama huyo, na alijua udongo wake kama vile wengine wanavyojua chumvi.

“Hii ni ya kwetu,” alisema. “Ya kule chini, karibu na mutaro.”

Zagabe akatazama ngazi.

“Zaga. Mudogo wako iko wapi?”

“Maman, tupande kwanza, baridi...”

“Iko wapi?”

Lusaka. Lilikuwa pale, neno jepesi, lenye miaka mitatu ya mazoezi. Mama angelikubali. Alikuwa anataka kulikubali. Zagabe aliliona machoni pake.

Plastiki ilikuwa imeacha kujikunjua. Nusu juu, nusu chini. Inangoja.

“Iko mu shamba, maman. Tangu mwaka ya kwanza. Nilimuzika mimi.”

Domitille hakupiga kelele. Hakumpiga. Aliingia ndani ya gari, nyuma, upande wa kulia, akaacha nafasi upande wa kushoto. Akafunga mlango.

“Kesho asubuyi unatupeleka,” alisema kupitia kioo.

Unatupeleka. Alilala humo humo.

*

Asubuhi gari iliwaka kwa mara moja. Ilipanda Nyantende, ikapita Mugogo, laini kama gari ya waziri. Nyuma, mama alikaa upande wa kulia.

Shamba halikuwepo.

Palikuwa na shimo. Kubwa, jekundu, lenye maji chini, na kandokando matanuru matatu ya matofali, moja likitoa moshi. Mushagalusa alikuja akipangusa mikono, mtu wa kicheko, tumbo mbele.

“Papa juriste, mutu wa sheria. Karibu. Hii udongo yenu, Mungu awabariki. Tofali yake hailalamike.”

“Wakati wa kuchimba,” Zagabe alisema, “kule chini, karibu na mutaro... mulipata kitu?”

“Kitu gani? Mizizi. Mawe.” Alifikiri. “Bâche moja. Nzuri, hata haikuoza. Iko inatumika.”

Akaonyesha kwa kidevu. Juu ya tanuru la mwisho, kukinga mvua, imebanwa na mawe manne. Ya bluu. Upepo uliinua pembe yake, ukaishusha.

Kwaru.

“Na ndani yake?” Zagabe aliuliza. “Ndani ya bâche?”

Mushagalusa alimtazama yeye, akamtazama mama ndani ya gari, akaacha kucheka. “Batu ya kazi bananichimbiaka usiku na muchana, sikukuwa hapa. Udongo ni udongo, papa. Inapondwa, inachomwa. Na wewe mwenyewe uliniandikia. Article trois.”

“Matofali ya kule chini... yako wapi?”

“Bukavu. Batu banajenga.”

Domitille alishuka. Aliomba shina la mgomba, urefu wa mwanaume, akalifunga katika kitenge chake, na wakalizika kwenye ukingo uliobaki, kama wanavyofanya watu waliokosa mwili. Hapo ndipo alipolia. Alilia miaka mitatu kwa saa moja. Wachoma matofali walivua kofia.

Tangu siku ile gari haikuharibika tena. Muulize Ignace. Filtre nyeupe kama ostia. Domitille hakuingia tena ndani yake, wala hakusema na Zagabe zaidi ya “asinge,” salamu ambayo hata mgeni wa njiani anapewa.

Lakini jioni, kabla ya couvre-feu, wanamwona Zagabe anapita Kadutu, Bagira, mpaka Panzi, kwenye nyumba mpya za matofali. Anaweka sikio kwenye ukuta. Watoto wanamcheka: licencié amerukwa na akili. Kuta nyingi ni kimya.

Juzi, mwenye nyumba mmoja huko Panzi hakumfukuza. Alimkaribisha ndani, akamshika mkono, akashusha sauti mke asisikie.

“Wewe si ulikuwaka na ile gari? Mulifanya dawa gani? Hii nyumba ni mupya, juriste. Mupya kabisa. Lakini huu ukuta, ninaziba ufa, kesho asubuyi iko pale pale. Mafundi bane, bote bameshindwa.” Akamulika na taa. “Na angalia kitu inatoka ndani.”

Katika ufa, kibichi, jani moja la viazi vitamu.

Zagabe aliweka sikio.

“Unasikia nini?” mwenye nyumba alinong’ona.

Mtu alikuwa anatafuta nafasi ya magoti.