Nakaa Nyumbani Tu

Asubuhi, kabla uji haujachemka, Edina alikuwa tayari kwenye vichanja. Alitandaza kahawa, akaigeuza kwa mikono, akatoa punje mbovu moja moja. Vichanja hivyo ni vya kikundi cha wakulima wa kijiji cha Namswea. Kwa misimu minne Edina ndiye aliyevisimamia. Mama yake, Luisa, alikuwa ameshakwenda shambani kuchuma, maana kahawa mbivu haimsubiri mtu.

Siku hiyo Edina aliwahi kuoga. Kampuni moja ya kahawa mjini Mbinga ilimwita kwenye usaili. Ilitafuta mtu wa kusimamia ukaushaji. Edina aliitaka sana kazi hiyo.

Kwenye chumba cha usaili walikaa watu watatu. Aliyeuliza aliitwa Bwana Edmund.

"Una uzoefu gani wa kazi?"

Edina aliinamisha kichwa, kama alivyolelewa kufanya mbele ya wakubwa.

"Sina, baba. Nilimaliza kidato cha nne. Nakaa nyumbani tu."

"Hujawahi kufanya kazi yoyote?"

"Hapana."

Wakamshukuru. Usaili ukaisha hata kiti hakijapata joto. Baada ya siku tatu ujumbe ukaja kwenye simu: hakuchaguliwa. Edina alilia, wala hakujificha.

Jioni mama yake alimtuma sabuni dukani kwa Sumaiya, ambaye wote humwita Mama Ilyasi. Mama huyu ameshaajiri wauzaji wengi, na mdomo wake hauna breki.

"Shikamoo, Mama Ilyasi."

"Marahaba. Macho mekundu hayo, umemenya vitunguu vya kijiji kizima?"

Edina akamsimulia yote. Mama Ilyasi akashika kiuno.

"Eti unakaa nyumbani! Kwani vile vichanja navisimamia mimi?"

"Ile ni kazi ya nyumbani tu, mama. Halafu kujisifu ni aibu. Kizuri chajiuza."

"Nani kakudanganya? Nauza khanga mwaka wa ishirini huu. Hata iwe nzuri vipi, nisipoitundika mlangoni hakuna anayeiulizia. Kujisifu ni kusema usichokifanya. Ukisema ulichokifanya, huo ni ushahidi. Yule baba angejuaje? Yeye si mpiga ramli."

Akachana boksi la sabuni, akampa kipande na kalamu.

"Andika ulifanya nini, kwa muda gani, na matokeo yake. Ulipokosea pia andika, na ulivyorekebisha. Usichokijua, sema hukijui. Na usitie chumvi!"

Edina aliandika mpaka kipande kikajaa. Alijishangaa mwenyewe.

Wiki mbili baadaye, tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa. Kampuni ileile ilitaka msimamizi wa kituo kingine, na waliokosa mwanzo waliruhusiwa kuomba tena. Edina akaomba, akaitwa. Alifika nusu saa kabla, vyeti vyake halisi vikiwa kwenye bahasha.

Bwana Edmund alimkumbuka. "Si wewe uliyesema hujawahi kufanya kazi?"

Safari hii aliinua kichwa.

"Nilijibu vibaya, baba. Nimesimamia vichanja vya kikundi chetu misimu minne. Msimu wa kwanza niliharibu. Nilirundika kahawa kwa tabaka nene, ikavunda, nikawaomba radhi wanakikundi. Tangu hapo naitandaza nyembamba, naigeuza mara kwa mara, na mvua ikitishia naifunika mapema. Haijavunda tena."

Wale watatu wakatazamana.

"Kompyuta unajua?"

"Bado. Nikifundishwa, nitajifunza."

Wakamuuliza maswali mengine mengi. Safari hii kiti kilipata joto. Ijumaa simu ikaita: Edina amepata kazi. Mama Ilyasi alipiga vigelegele mpaka wateja wakatoka nje kutazama.

Kabla hajaanza kazi, Edina alimpeleka mama yake zahanati, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimsumbua. Nesi alijaza kadi.

"Jina?"

"Luisa."

"Kazi?"

"Sina, mwanangu. Nakaa nyumbani tu."

"Mama!" Edina alisema.

Luisa akaitazama mikono yake. Ilikuwa imeingia weusi wa kahawa, ule usiotoka kwa sabuni. Akacheka kidogo, kisha akanyoosha mgongo wake mbovu.

"Futa hapo, nesi," alisema. "Andika mkulima wa kahawa. Miaka thelathini."