Mrija wa Emiro

Kila siku akitoka shule, Yurani alipitia nyumbani kuchukua supu ya mahindi, kisha akateremka hadi hospitali iliyoko katikati ya mji wa Pasto. Mama yake, Deyanira, alishinda huko akiwa amemfunga kifuani Emiro, mtoto njiti aliyezaliwa wiki saba kabla ya wakati. Emiro alikuwa bado hawezi kunyonya. Maziwa yalimfikia tumboni kwa mrija mwembamba uliopita puani, ukashikiliwa shavuni kwa plasta.

Alhamisi moja mama alimlaza Emiro kitandani ili aende msalani.

"Mwangalie tu," alisema. "Usimguse."

Yurani aliona plasta imelowa na kubanduka pembeni. Akataka kumpangusa shavu. Plasta ikanata kidoleni mwake, na mrija ukachomoka kiasi cha vidole viwili. Akausukuma ndani, akabandika plasta, akaketi. Emiro akakohoa kidogo, akatulia.

Mama akarudi pamoja na nesi Rubiela, aliyebeba maziwa.

"Mbona umenywea hivyo?" mama akauliza. "Umemwaga supu?"

"Hapana, mama."

Nesi akatazama alama ya wino kwenye mrija, inayoonyesha mrija unapaswa kuingia hadi wapi. Ilikuwa pale pale puani. Akainama na maziwa mkononi. Yurani akaona shingo ya mdogo wake, nyembamba kama kifundo cha mkono.

"Nesi, usimpe kwanza. Mrija ulichomoka. Mimi ndiye niliyeurudisha."

Mama akamgeukia Yurani. Nesi akaweka maziwa chini, akauvuta mrija taratibu. Ncha yake ilikuwa imejikunja kooni bila kufika tumboni.

Akaweka mwingine, akahakikisha umefika tumboni. Akakausha shavu vizuri, akabandika plasta mpya, akamvika Emiro soksi mikononi asije akauvuta.

"Ungegundua hata kama nisingesema?" Yurani akauliza.

"Huenda, maana huwa napima kama mrija uko tumboni kabla ya kulisha. Lakini kipimo nacho huweza kudanganya, na maziwa yakiingia mapafuni, mtoto mdogo hivi anaweza kufa."

Mama akamshika Yurani bega.

"Plasta ikilegea, niite," nesi akasema. "Ukikosea, niite upesi zaidi. Kosa lako tumelirekebisha kwa dakika kumi. Kama ungenyamaza, sijui tungerekebisha vipi."

Kisha akaunganisha maziwa na mrija, akayainua, yakashuka polepole, na Emiro akalala.