Papa na Taa wa Sebuleni

Aliyesimulia kisa hiki ni wifi wa muuguzi mwenyewe, mwanamke asiyejua kutia chumvi katika maneno. Anasema ilikuwa siku kama siku nyingine. Muuguzi alirudi kutoka wodini saa tisa alasiri, miguu imevimba, akatupa mkoba kitini, na kabla hata ya kunywa maji akaenda kuwahudumia wale wa sebuleni.

Ukuta mzima wa sebule ulikuwa tangi, hatua nne urefu, mbili upana. Mumewe, fundi vioo, alilijenga kwa mikono yake, akafuga humo papa mdogo mwenye mistari na taa wawili, samaki bapa kama sinia.

"Nyumba yangu ina taa wawili," alikuwa akiwatania wageni. "Umeme ukikatika hawazimiki."

Sasa fundi alikuwa na miezi saba kaburini. Mjane ndiye aliyebaki kupima chumvi ya maji, kusugua vioo na kukatakata ngisi. Mapenzi ya marehemu yakawa kibarua chake.

Siku hiyo papa hakula. Tumbo lilikuwa limetuna. Taa nao hawakugusa hata kipande.

"Wifi, umewalisha?" alimuuliza wifi yake, aliyekuwa akija kushinda naye tangu msiba.

"Mimi? Kile kifuniko nakiwezea wapi?"

Ikawa hivyo siku ya pili. Na ya tatu. Na kwenye friji, ngisi walikuwa wakipungua.

Siku ya nne muuguzi aliwahi kurudi. Akasimama mlangoni. Papa alikuwa kwenye kona ya mbali, pua juu. Taa walikuwa wamejibandika kiooni, midomo yao ya tumboni ikifumba na kufumbua. Kifuniko kilikuwa wazi, shubiri moja. Maji yalikuwa yamepanda, kama yanavyopanda mtu akitumbukiza mkono.

Hapakuwa na mtu.

Kisha maji yakashuka. Matone yakaanza kudondoka sakafuni, moja, jingine, jingine, yakielekea jikoni. Huko bomba likafunguka. Likatiririka kidogo, kama mtu ananawa. Likafungwa.

Muuguzi hakupiga kelele. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

"Kapumzike, mume wangu," alinong'ona. "Na mimi niache nipumzike. Kesho nawatoa."

Asubuhi akaja mtunza samaki wa hoteli, mtu mnene mcheshi, na mapipa yake ya maji ya chumvi. Papa alinaswa bila taabu. Taa wa kwanza naye. Wa pili alijifukia mchangani, ikabidi mtunza samaki azamishe mkono hadi begani.

Ghafla akaacha kupapasa.

"Mama," alisema polepole. "Humu ndani mmebakiza nini?"

"Huyo taa tu."

"Basi nani kanishika?"

Alipouchomoa mkono, kifundo kilikuwa na alama nyekundu. Vidole vinne na gumba. Taa alijitokeza mwenyewe, akanaswa. Yule bwana akaondoka bila utani, bila kuaga, wavu wake akauacha.

Mchana wanawake wale wawili walitoa maji yote kwa mpira, wakausawazisha mchanga, wakakirudisha kifuniko kwa kusaidiana. Muuguzi akajitupa kwenye kochi, viatu miguuni. Alilala kuanzia alasiri ile hadi jua la siku ya pili, pale wifi alipomgusa bega.

"Wifi," alinong'ona. "Njoo uone."

Kifuniko kilikuwa mahali pake. Chini yake, mchangani, palikuwa na umbo la mtu mzima aliyelala ubavu. Bega limezama. Nyonga imezama. Mbele yake mchanga ulikuwa umefukuliwa kidogo na kulainishwa kwa kiganja. Nafasi ya mtu mmoja.

Muuguzi aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyetoka zamu akakiona kitanda. Kisha akainama, akaanza kuvua viatu.

Wifi alimkamata kiuno, akamtoa nje mzobemzobe. Akampeleka kwake, akamlaza upande wa ukutani, na wiki nzima hakumruhusu kwenda hata msalani peke yake. Nyumba ilifungwa. Ufunguo ulikaa shingoni mwa wifi.

Mafundi aliowapa ufunguo huo wakalivunje tangi walimpigia wifi simu kuuliza kama mchanga uzolewe au uachwe vilevile.

"Vilevile vipi?" aliuliza.

"Hivi ulivyo," alisema mmoja wao. "Una alama mbili, mama. Ya pili ni ya mwanamke."