Kichupa Chenye Jina la Mama

Stendi ya Kabanga ilikuwa imefurika asubuhi ile. Derick Niyonzima, mkata tiketi wa basi la Biharamulo, alimwona binti mwenye gauni la njano na viatu vya tope, amekumbatia boksi la barafu kama mtoto mchanga.

"Dada, samaki hawakai kitini."

"Si samaki. Ni damu ya ndege."

"Basi ndege naye akate tiketi."

Binti akacheka, na Derick akawa amekwisha. Binti huyo, Limi, alikuwa mtafiti. Kila mwaka shakwe, ndege wa baharini, hutoka nchi za barafu hadi Ziwa Burigi, naye huwakamata, akawatoa tone la damu na kuwaachia. Siku hiyo alikuwa amepokea vichupa vya mwenzake wa Burundi.

Miezi sita simu zao hazikupoa. Derick akamwita "shakwe wangu", akamsimulia habari za mama yake, Esperansia, aliyetembea kutoka Burundi akiwa na mimba yake. Hatimaye akampeleka kijijini kwao Mugoma kumtambulisha.

Limi alifika na boksi lake. Esperansia, akidhani mgeni wa ziwani kamletea samaki, akalifungua jikoni. Ndani akakuta manyoya na vichupa vya damu. Kimoja kiliandikwa ESPERANSIA.

Alimwita mwanawe, akamwonyesha kichupa, akafunga kifuniko. Derick akamsindikiza mchumba wake na boksi lake barabarani bila kumshika mkono, kisha akazima simu.

Siku ya tatu mama akashikwa na homa, na hofu ya uchawi ikapata miguu. Jirani yao Idefonsi akaapa kwamba binti yule akikanyaga tena Mugoma atachomwa pamoja na boksi lake. Usimcheke Derick, msomaji. Mama ni mmoja, na jina lake alilisoma kwa macho yake.

Siku ya tisa aliwasha simu, akapokea ya Limi.

"Usije, Limi, watakuua," Derick alisema. "Niambie tu. Kwa nini damu ile ina jina la mama yangu?"

Limi akasema jibu atalileta mwenyewe. Angeweza kubaki Biharamulo akaishi salama, lakini basi la kesho yake lilimkuta stendi, boksi mapajani.

Alipokelewa Mugoma na vijana waliosimama njiani, Idefonsi mbele. Alipita katikati yao bila kugeuka. Uani akapiga magoti mbele ya Esperansia, ambaye homa ilikuwa imempungua.

"Shikamoo mama."

Marahaba haikuja. Alifungua boksi hata hivyo. Akaeleza kwamba ndani ya damu kuna kitu ambacho mtoto hupewa na mama peke yake, baba hana chake pale. Kwa hicho watafiti hujua mama na bibi wa shakwe walitoka wapi. Kila ukoo wa mama yeye huupa jina la mwanamke.

"Ukoo huu umetoka mbali kuliko wote, mama. Nikakumbuka safari yako."

Esperansia alikipokea kichupa, akakigeuza kwenye jua.

"Mimi nina mtoto mmoja, wa kiume. Changu kinaishia wapi?"

Limi aliogopa kujibu, akajibu. "Kwa Derick. Anacho, ila hawezi kumpa mtoto."

"Basi acha jina langu hapo hapo," mama akasema taratibu. "Marahaba, mwanangu."

Limi akamgeukia Derick. "Uliamini?"

"Niliamini. Siku zote tisa." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nioe nani mwingine, Limi, baada ya aibu hii? Nikubalie."

Limi hakusema ndiyo. Alisema basi linaondoka saa nane, na boksi ni zito.

Derick akaliinua, akalitwika kichwani, akatangulia njiani kuelekea walikosimama Idefonsi na vijana wake.